Unga wa Rangi Mbili Ulionifunga Mdomo

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Nina shahada ya sayansi, na imelala ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro langu hapa mtaa wa Ziwani, Nairobi, kwa sababu barua zangu za kuomba kazi hazijapata jibu. Nawaandikia nyinyi msionijua, wasomaji wenzangu, kwa kuwa wanaonijua hunisifu... na sifa zao ndizo zinazoninyima usingizi.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nikifunga mlango narudi mara tatu kuhakikisha nimeufunga. Nikikohoa mara moja nishajiona kaburini. Kaka yangu Barasa alikuwa akinicheka. "Digrii, hata Mungu alipumzika siku ya saba! Wewe hiyo akili yako itapumzika lini?"

Digrii. Hilo ndilo jina alilonipa siku niliyofuzu, na wapangaji wa ploti yetu nzima wakalishika. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Barasa akaacha shule, akatoka kwetu Kimilili, akaja Nairobi kufanya kazi ya kiwanda kule Industrial Area ili mimi nisome. Kila kilichomo kichwani mwangu kilipitia mikononi mwake. Basi bunda la mabati lilipomwangukia mguuni kiwandani, sikuona ni kaka tu aliyeumia. Niliona ni baba anayetaka kunifia mara ya pili!

Mfupa wa muundi ulikuwa umetoboa ngozi. Wenzake walimkimbiza kwenye hospitali moja kubwa ya umma, ambayo sitaitaja. Akapasuliwa, akawekewa chuma. Daktari aliniambia kazi imekwenda vizuri na kwamba, Mungu akijalia, Barasa angetembea kwa magongo baada ya wiki sita, kisha ayatupe. Nililia kwa furaha pale pale koridoni.

Wodi ilikuwa imejaa pomoni. Kitanda kimoja, wagonjwa wawili, wamelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Barasa alipewa kitanda pamoja na Mzee Njoroge, fundi wa makabati kutoka soko la Gikomba, aliyepasuliwa ngiri. Kidonda cha mzee kilikuwa kisafi, cha urefu wa kidole, na alikuwa ameambiwa Ijumaa anakwenda nyumbani.

Jamani, wale wawili walipendana! Walitaniana tangu asubuhi.

"Kijana, huu mguu wako umekuwa mto wangu. Kwenu hamna sabuni?"

"Mzee, huo ni mguu wa Mbukusu. Hiyo unayosikia ni harufu ya ng'ombe. Utajiri huo!"

"Ng'ombe gani? Hiyo ni soksi!"

Nilipoleta chakula cha mchana, mzee alifunua sufuria na kutikisa kichwa. "Ugali tena! Nyinyi Wabukusu mkifika mbinguni mtauliza kwanza kama unga upo."

"Na nyinyi," Barasa akajibu, "mtauliza kama kuna ploti inayouzwa."

Wodi nzima ilicheka. Hata yule mgonjwa wa dirishani aliyefungwa taya alicheka kwa mabega.

Siku ya tano, mzee hakutania tena kuhusu harufu.

Ilikuwa harufu ya kweli sasa, nzito, tamu ya kuchukiza. Bendeji ya Barasa ilikuwa imelowa. Mguu ulikuwa mwekundu mpaka gotini, na mwenyewe alikuwa na homa. Sista alikuwa mmoja tu kwa wodi nzima, akisukuma kitoroli chake kutoka kitanda hadi kitanda, akifungua na kufunga vidonda. Mfereji wa wodi ulikuwa umekauka. Ukiufungua uliguna tu, ukatema hewa. Sista alikuwa akinawa kwenye ndoo, na ndoo yenyewe ilikuwa moja.

Daktari alikuja, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Akapangusa usaha kwa kijiti chenye pamba na kuupeleka maabara. Alisema sindano anazompa Barasa zinaonekana kushindwa. "Huu usaha utatuambia unaogopa dawa gani. Tupeni siku tatu. Na mtu yeyote asifungue bendeji hii isipokuwa sisi."

Siku tatu! Kwa mtu anayewaza kama mimi, siku tatu ni miaka mingapi?

Nilirudi Ziwani nikawaza. Nikawaza nikiosha vyombo, nikawaza nikianika nguo. Niliuona mguu wa kaka umekatwa, nikamwona kaka amekufa, nikamwona mama Kimilili akiniuliza: wewe uliyesoma, ulifanya nini? Ndipo nilipoinama chini ya kitanda nikatoa mkebe wangu wa dawa.

Mnajua rangi mbili. Mkaaji wa Eastlands, upande wetu huu wa Nairobi, hahitaji kuelezwa. Ni zile kapsuli zenye upande mwekundu na upande wa njano, zinazouzwa kioskini kando ya kiberiti na chumvi, mbili mbili, bila swali. Ukikohoa unameza mbili. Jino likiuma, mbili. Ukipata nafuu unaacha, zinazobaki unaweka akiba. Na kidonda je? Kwa kidonda unaifungua kapsuli, unanyunyiza unga wake wa njano juu yake. Mama alitufanyia hivyo kila tulipojikata. Barasa alifanya hivyo kila bati lilipomchana kiwandani, na mara nyingi ni mimi niliyemnyunyizia.

Lakini mimi, wasomaji, nilikuwa na dhambi ya ziada. Mimi nilikuwa nimefundishwa! Niliwahi kuulizwa kwenye mtihani jinsi viini vya ugonjwa vinavyozoea dawa: dawa ikitumiwa nusu nusu huua vile vinyonge, ikaacha vile vigumu vizaane. Nilijibu kurasa mbili, nikapata alama nzuri. Ila nilijibu kwa kalamu. Mikono yangu ilikuwa imesomea kwa mama.

Jumanne, saa ya kuwaona wagonjwa mchana, nilivuta pazia kidogo. Barasa aliniangalia. "Digrii, daktari alisema nini?" Nikamwambia anyamaze, ninajua ninachofanya. Akanyamaza. Kwa nini asinyamaze? Alikuwa ametoa ujana wake wote ili mimi nijue ninachofanya.

Nilifungua bendeji. Nikapangusa usaha kwa kitambaa nilichokuja nacho. Nikafungua kapsuli nne, nikamwaga unga, nikaueneza kwa kidole. Nikafunga tena kama nilivyoikuta. Nilisikia amani kifuani, amani ya ajabu, kama mtu aliyekwisha kufunga mlango na kuuangalia mara tatu.

Ndipo Mzee Njoroge aliponong'ona kutoka upande wa pili wa kitanda. "Msichana wangu, nami nifanyie hiyo dawa ya wasomi. Nataka Ijumaa nitoke nikikimbia."

Nikacheka. Nikainua kona ya plasta yake. Nikafungua kapsuli moja, nikanyunyiza... na nikaueneza unga ule kwa kidole kile kile.

Sikunawa. Mfereji ulikuwa mkavu, ndoo ya sista ilikuwa mbali, na kengele ya kutuondoa ilikuwa inalia. Hizo ndizo sababu zangu. Nimezihesabu mara elfu na bado ni tatu tu.

Alhamisi nilikuta mzee anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Barasa alikuwa amemkumbatia miguu, akimwambia, "Tulia mzee, tulia, mimi niko hapa." Tumbo lilikuwa limevimba pale kwenye mshono, jekundu, linang'aa.

Siku hiyo hiyo majibu ya Barasa yalikuwa yametoka. Katika maabara ya hospitali ile alikuwako Otieno, aliyenitangulia mwaka mmoja chuoni, naye alinionyesha sahani yenyewe. Sahani ndogo ya kioo, viini vimeoteshwa juu yake, na vijikaratasi vya mviringo vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Dawa ikiwa na nguvu, viini huikimbia na kuacha duara tupu kuizunguka. Chuoni nilikuwa nimeyapima maduara hayo kwa rula.

Kwenye sahani ya kaka yangu viini vilikuwa vimesogea hadi ukingoni mwa kila karatasi, kama magugu yanavyosogea hadi mlangoni mwa nyumba iliyohamwa. Karatasi moja tu ndiyo iliyokuwa na duara. Moja!

"Hiki ndicho kile kiini cha kawaida cha majipu," Otieno aliniambia kwa sauti ya chini, "ila hiki kimesomea hapa hospitalini. Kina digrii kubwa kuliko yako."

Alikuwa akitania. Sikuweza kucheka.

Nilipofika wodini, daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda. Dawa ile moja ilikuwapo, alisema, chupa chache, imefungiwa kwa ajili ya wagonjwa ambao imethibitishwa wanaihitaji. Barasa angeanza kudungwa siku hiyo. Kisha akamfunua mzee tumbo. Kwenye plasta, chini kabisa, palikuwa na doa la njano.

Daktari aliligusa. Akatutazama sote. Naapa nayakumbuka maneno yake kama sala.

"Nataka kujua jambo moja, na sitamfokea mtu. Kuna mtu aliyegusa kidonda cha huyu kijana kisha akagusa cha huyu mzee? Kama yupo, basi huenda ni kiini kile kile, nami sitangoja maabara. Nitampa mzee ile dawa sasa hivi."

Wasomaji wenzangu... jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Neno moja tu. Mimi.

Lakini akili yangu ilianza kukimbia. Watanifukuza wodini. Watanishtaki. Barasa atabaki na nani? Otieno ataambiwa, chuo kitaambiwa, Mama ataambiwa. Wataninyang'anya hata ile shahada iliyo chini ya godoro! Nilikuwa nawaza mambo ishirini kwa mpigo, na wakati nikiwaza, mdomo ulibaki umefungwa.

Mzee Njoroge alinitazama. Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi ya homa.

"Ni mimi, daktari," akasema. "Nilikuwa na dawa yangu ya kioski. Nilijiwekea mwenyewe. Huyu kijana sijamgusa."

Daktari alishusha pumzi. Ile ahadi ya kutofoka aliisahau. Alimwambia wazee wa siku hizi wanajiua kwa mikono yao wenyewe, kisha hospitali ndiyo inayolaumiwa. Akapangusa usaha wa mzee kwa kijiti, akaandika sindano za kawaida, akasema tungoje majibu. Siku tatu tena. Binti yake mzee, Wambui, muuza sweta za mitumba, alikuwa ameingia kwa wakati ule ule na akasikia yote. Alificha uso wake kwa leso.

Walipoondoka niliinama sikioni mwa mzee. Nilitaka kumwambia nini? Sijui. Yeye ndiye aliyesema. "Msichana wangu, mimi ni mzee, watanifokea tu yaishe. Wewe wangekufukuza. Nani angemletea huyu Mbukusu ugali wake?"

Akajaribu kucheka.

Ijumaa nilikwenda nikiwa nimeamua kusema. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Nikangoja saa moja, nikajiambia mzee anaonekana afadhali kidogo, nikaenda zangu. Jumamosi nilimkuta daktari koridoni, ana kwa ana. Akaniuliza, "Ndiyo, dada?" Nikamuuliza Barasa ataanza lini kula vizuri. Hilo ndilo nililouliza! Mzee alikuwa ameanza kuweweseka, akiita mbao kwa majina yake, akimwambia mtu asiyeonekana ashike randa vizuri.

Jumapili, kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kikiimba wodini, kitanda kwa kitanda. Kilipofika kwetu, kiongozi wao alimgusa mzee mkono, akaacha kuimba. Wenzake waliendelea ubeti mzima kabla ya kutambua.

Barasa ndiye aliyelala na maiti ile mpaka walipokuja kuichukua. Miguu ya mzee ilikuwa bado begani mwake.

Jumatatu, Otieno aliniita. Aliweka sahani ya pili kando ya ile ya kwanza. Zilikuwa kama mapacha. Magugu yale yale mpaka mlangoni, duara lile lile moja.

Dawa ile ilimwokoa kaka yangu, lakini haikuuokoa mguu wake. Kiini kilikuwa kimejificha kwenye mfupa na kwenye kile chuma. Baada ya wiki mbili waliukata juu ya goti. Leo Barasa ana kibanda cha kushona viatu karibu na lango la mtaa wetu. Watu wakimuuliza hali, huwaambia yeye ni mtu wa bahati, kiatu kimoja kinamtosha. Wao hucheka. Mimi huingia ndani.

Niliwahi kumrudia yule daktari, miezi mingi baadaye, nikamweleza kila kitu. Akasema huenda mzee angekufa hata hivyo. Akasema kiini kile kilikuwa kinatembea wodini kabla yangu, kwenye kitoroli, kwenye ndoo, kwenye mikono yao wenyewe, na kwamba kulaza watu wawili kitanda kimoja si kosa la msichana wa Ziwani. "Nusu ya lawama ni yetu," alisema. Alidhani ananifariji. Lakini nimekuwa nikiiwazia ile nusu iliyobaki. Mimi ni hodari wa nusu nusu. Nilimeza dawa nusu, nikasoma nusu, nikataka kusema ukweli nusu.

Na unga ule... naona njano kila mahali. Binzari kwenye sufuria ya jirani. Vumbi la maua kwenye ua wa kanisa. Nanawa mikono mpaka ngozi inapasuka, kisha nachungulia chini ya kucha ya kidole kile.

Lakini kilichonitesa zaidi ni shukrani. Kila nilipopita Gikomba, Wambui aliniita kwa sauti mbele ya wauzaji wenzake. "Huyu ndiye dada aliyekuwa akimlisha baba yangu hospitalini!" Aliwahi kunichagulia sweta nzuri ya rangi ya maziwa na akakataa katakata nisimlipe. Sijawahi kuivaa. Siku moja, akikunja nguo, aliniambia jambo ambalo lilinikata maini. Kwamba hajaenda kwenye kaburi la baba yake tangu mazishi. "Nilimwambia asicheze na dawa za kioski. Mkaidi! Alijiua mwenyewe akatuacha. Siwezi kumsamehe."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Barasa. Alikuwa anapiga msumari kwenye soli. Hakuinua kichwa.

"Mimi pia nilinyamaza, Digrii. Nilikuona ukimwekea. Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiwe uliyesoma." Akapiga msumari mwingine. "Yule mzee alilala miguuni pangu. Nenda ukamrudishie mtoto wake."

Nilikwenda Alhamisi. Nilichukua ile sweta. Nilimkuta Wambui anafungua bunda jipya, na safari hii sikuipa akili yangu nafasi. Nilisema yote nikiwa nimesimama: bendeji, kidole, kapsuli, swali la daktari, macho ya baba yake, zile siku tatu. Nilipomaliza, kelele za soko zilikuwa zinaendelea kama kawaida.

Nilitarajia kofi. Nilitarajia apige yowe niitiwe watu. Aliketi juu ya bunda.

"Alisema ni yeye," akauliza taratibu, "huku anakutazama?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo hakuwa mkaidi."

"La."

Akafunika uso kwa mikono na kulia, na si mimi niliyekuwa nikililiwa wala kulaaniwa. Alikuwa akimlilia baba yake kwa mara ya kwanza. Nilisimama pale sijui nishike wapi. Baadaye alipangusa macho, akaitwaa ile sweta mikononi mwangu, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye rundo la kuuza.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Sasa usipite hapa tena."

Sijapita tena. Nikitaka kwenda mjini, nazunguka njia ya mbali.

Wasomaji wenzangu, akina mama mnaoficha mkebe chini ya kitanda, vijana mnaomeza mbili na kuacha mkipata nafuu, nawasihi! Tupeni ile mikebe. Dawa ya daktari imezeni mpaka ya mwisho. Kidonda cha mgonjwa msikiguse, na mkilazimika kukigusa, naweni kabla hamjamgusa mwingine, hata kama ndoo iko mbali, hata kama kengele inalia. Na hasa wewe uliyesoma, ambaye nyumba nzima inakutazama ujue la kufanya... sema hujui! Hakuna atakayekufa kwa neno hilo.

Na mkiulizwa na daktari, jibuni. Yule wetu aliuliza swali moja tu. Jibu lake lilikuwa chini ya ukucha wangu, la njano, na mimi nilikunja ngumi.